Mawakili Wapya Wahitaji Ustahimilivu Kupata Wateja Bila Kukiuka Maadili

Kila mwaka Jaji Mkuu wa Tanzania huwakubali na kuwasajili mawakili wapya, wengi wao wakiwa wahitimu wa Taasisi ya Uanasheria kwa Vitendo, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2007. Siku hiyo huwa ya picha, majoho na vifijo. Miezi inayofuata huwa kimya. Kodi ya ofisi inadaiwa, leseni huhuishwa kila mwaka kwa ada, na mteja aliyeahidi kurudi Jumatatu hajaonekana.

Ugumu wa kazi hii ni kwamba wakili hawezi kuuza huduma yake kama mfanyabiashara wa kawaida. Maadili ya taaluma yanamzuia kununua wateja, ikiwemo kumlipa dalali anayewavizia watu kwenye viunga vya mahakama, au kugawana ada na mtu asiye wakili. Nchini Kenya, kanuni za mwaka 2014 ziliruhusu mawakili kujitangaza kwa mipaka maalumu, lakini hata huko kushawishi wateja kwa njia zisizofaa hakukuhalalishwa.

Katazo hilo lina maana kwa mwananchi. Mjane anayefuatilia mirathi ya mumewe, akipelekwa kwa wakili na dalali, hulipa ada iliyokwisha kubeba fungu la dalali. Mbaya zaidi, anaweza kuangukia kwa kishoka, mtu asiye na sifa anayejiita wakili, na kugundua hivyo baada ya nyaraka zake kukataliwa. Mfumo wa e-Wakili wa Mahakama ya Tanzania unamwezesha mwananchi kuhakiki jina la wakili na hali ya leseni yake kabla ya kutoa fedha.

Kwa wakili anayeanza, basi, njia iliyobaki ni ndefu: kujulikana kwa kazi. Hapo ndipo ustahimilivu unapohitajika, nao si kuvumilia tu. Ni kupanga shughuli kwa namna ambayo kumpoteza mteja mmoja hakufungi ofisi. Wakili anayetegemea kampuni moja yumo hatarini kuliko mwenye kesi kumi ndogo za ardhi, mirathi na madai, ingawa wa kwanza ndiye mwenye kiyoyozi.

Kesi hizo ndogo zimeongezewa mlango. Kwa muda mrefu mawakili hawakuruhusiwa kuwakilisha wateja katika Mahakama za Mwanzo. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yaliwafungulia nafasi katika zile zinazoongozwa na hakimu mkazi. Mwaka huohuo Kiswahili kiliwekwa kisheria kuwa lugha ya mahakama. Wakili anayeweza kumweleza mkulima shauri lake kwa Kiswahili chepesi, akamwandikia barua anayoielewa bila mkalimani, ana mtaji ambao ofisi kubwa za mjini mara nyingi hazina.

Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, pamoja na Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia iliyozinduliwa mwaka 2023, nazo zimewapeleka wanasheria vijijini. Huduma hiyo ni ya bure, na wakili hapaswi kuigeuza chambo cha kukusanya wateja. Hata hivyo, anayesikiliza migogoro ya mipaka ya mashamba siku nzima chini ya mwembe hujifunza maswali ambayo watu huuliza kweli, na ujuzi huo haupatikani darasani.

Kuna jambo dogo ambalo mawakili wengi hulipuuza. Wateja hulalamika kutojulishwa hatua ya shauri lao na kupigiwa simu pale tu ada inapodaiwa. Makubaliano ya maandishi kuhusu ada tangu siku ya kwanza, stakabadhi kwa kila malipo, na taarifa fupi kila shauri linapoahirishwa, hata kama hakuna jipya, humfanya mteja arudi au amtume shemeji yake. Pale shauri lisipokuwa na msingi, wakili humwambia mteja hivyo mapema, ijapokuwa kwa kufanya hivyo anaikosa ada ya mwezi huo. Mteja huyo huenda akaondoka amenuna, na pengine akamtafuta wakili mwingine mwenye maneno matamu. Akishindwa huko, anajua ni mlango upi aliambiwa ukweli.