Istilahi za Kinga ya Moto katika Modeli za Majengo

Mji wa Arusha, chini ya Mlima Meru, umekuwa mwenyeji wa mikutano ya mataifa tangu Kituo cha Mikutano cha Kimataifa kilipofunguliwa mwaka 1978. Mgeni aingiaye katika ghorofa asiyoijua hutegemea maneno na alama za ukutani zimwonyeshe pa kutokea moto uzukapo. Siku hizi maneno hayo huanza kuandikwa kabla msingi haujachimbwa, ndani ya kompyuta ya msanifu majengo. Kwa sababu hiyo tumeonelea ni vema kueleza istilahi chache za fani hii.

Kwanza ni modeli ya jengo. Mchoro wa karatasi ni mistari tu, na ni msomaji atambuaye kwamba huu ni ukuta na ule ni mlango. Katika modeli ya jengo, kila mlango ni kitu kamili chenye jina na sifa zake: upana, malighafi na kinga yake dhidi ya moto. Kompyuta yaweza kuulizwa ni milango ipi iliyokosa sifa ipasayo, nayo ikaitaja. Lakini hujibu kwa kufuata yaliyoandikwa. Neno likikosewa, jibu nalo hukosewa.

Kanuni ya kimataifa ya kubadilishana modeli hizo, ISO 16739, huupa mlango sifa mbili mbalimbali. Moja huuliza kama umekusudiwa watu watokee wakati wa moto. Jibu ni ndiyo au siyo. Nyingine hutaja daraja la uwezo wake wa kuzuia moto, kwa mujibu wa utaratibu wa kila nchi. Mfasiri afuataye neno kwa neno atapata "mlango wa moto" kwa zote mbili, na hatari yake ni kubwa. Mlango wa stoo ya mafuta hapana budi uzuie moto, wala si njia ya kukimbilia. Tunapendekeza "mlango wa dharura" kwa ule wa kutokea, na "mlango wa kuzuia moto" kwa ule mwingine. Mlango mmoja waweza kuwa na sifa zote mbili, mathalan ule wa kuingilia kwenye ngazi. Hapo zote ziandikwe.

Pili, tutenge kutowaka na kustahimili moto. Chuma hakiwaki, lakini kifikapo nyuzi 600 za Selsiasi hupoteza karibu nusu ya nguvu zake. Boriti nene ya mbao huwaka, lakini tabaka la makaa hukinga kiini chake, nayo huendelea kubeba mzigo kwa muda. Kutowaka, basi, ni sifa ya malighafi. Ustahimilivu wa moto ni sifa ya sehemu ya jengo, nao hupimwa kwa dakika, kama vile 30, 60 au 120. Wataalamu wa Ulaya huugawa mara tatu kwa herufi R, E na I: kubeba mzigo, kuziba miali na moshi wa moto, na kuzuia joto lisipite. Vitenzi hivyo tunavyo tayari. Kilichobaki ni kuvitumia kwa namna moja.

Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, kwa sheria ya mwaka 2007, lina kazi ya kukagua kinga ya moto katika majengo. Mkaguzi, msanifu na fundi wakiita kitu kimoja kwa majina matatu, au vitu viwili kwa jina moja, hitilafu hiyo haitaonekana hadi siku ya moto. Tunawaomba walimu wa ufundi, pamoja na wale wa Chuo cha Ufundi Arusha, na wafasiri wote, wazijaribu istilahi hizi kazini na kutuletea maoni yao.