Ushoroba wa Misitu ya Kwale na Njia za Mama Zetu



Mama wa Mombasa afunguapo mfereji alfajiri akatia maji katika birika, huenda asijue kwamba sehemu ya maji ya mji huu hutoka katika chemchemi za Marere, ndani ya vilima vya Shimba, kaunti jirani ya Kwale. Kwa hivyo mazungumzo ya misitu ya Kwale si ya Wadigo na Waduruma peke yao, wala si ya watalii na ndovu. Yanaingia mpaka jikoni kwetu.

Tuitazame Kwale kwa macho ya ndege. Juu ya vilima ipo hifadhi ya Shimba Hills, iliyotangazwa mwaka 1968. Kaskazini yake upo msitu wa Mwaluganje. Kusini imetawanyika misitu midogo ya Gongoni, Buda, Mrima na Marenji. Kati ya vijiji zimo kaya za Wamijikenda, kama Kaya Kinondo na Kaya Muhaka, na ufuoni imesimama mikoko ya Gazi na Vanga. Lakini kila msitu umebaki peke yake, umezungukwa na mashamba, machimbo na nyumba. Palahala, yule paa mkubwa mwenye pembe zilizopinda nyuma, haonekani popote Kenya porini ila Shimba Hills. Naye humo yu kama mtu aliyeachwa kisiwani bila dau. Mnyama aliyezingirwa huishia kuzaana na jamaa zake, na kizazi hudhoofu. Hata mti una haja ya njia, kwani mbegu zake hubebwa na ndege, popo na kima. Njia ikikatika, msitu huzeeka bila ya kupata watoto.

Dawa wanayoitaja wataalamu ni kuviunganisha visiwa hivi, na njia ya kuunganishia wameiita ushoroba. Neno hili si geni kwetu. Katika nyumba zetu ushoroba hautoshi kulaza kitanda, lakini pasipo nao chumba kimoja hakikijui kingine.

Shoroba za msitu nazo si lazima ziwe pana. Pale Diani, barabara ya lami iliwatenga mbega na miti yao, wakawa wanagongwa na magari. Shirika la Colobus Conservation, lililoanzishwa mwaka 1997, limetundika ngazi za kamba juu ya barabara, na mbega huvuka juu kwa juu hali magari yapita chini. Mto nao ni ushoroba aliouchora Mwenyewe Muumba: Mkurumudzi huanzia vilima vya Shimba ukateremka hadi ghuba ya Gazi. Miti ya kingo zake ikiachwa isimame, kilima na bahari vimeshaungana. Ikikatwa, tope la mlimani huja kuyafunika mazalio ya samaki na kamba.

Penye ndovu mambo huwa mazito zaidi. Katika miaka ya 1990 wakulima wa Mwaluganje, ambao mazao yao yalikuwa yakikanyagwa kila msimu, walikubali kuyaunganisha mashamba yao yawe hifadhi, ndovu wapate njia kati ya Shimba Hills na msitu wa Mwaluganje. Badala ya mahindi wakaahidiwa mgao wa ada za wageni. Ni mpango wa busara na twawapongeza kwao. Lakini utalii wa pwani ni kama upepo wa kusi na kaskazi: huja na kuondoka. Wageni wakipungua hupungua na mgao, na shamba limeshatolewa. Aliyeona mbali ni mkulima, na atakayelala na njaa ni huyo huyo.

Kuhusu kaya, wapo wanaotuuliza iwapo Muislamu yamfaa kuzitetea, ilhali ndani yake hufanywa matambiko. Jawabu letu ni fupi: matambiko hatuna sehemu nayo, lakini mti haukufanya kosa. Wazee wale waliulinda msitu kwa karne nyingi, na mwaka 2008 UNESCO iliziingiza kaya katika orodha ya turathi za dunia. Twaweza kuushukuru ulinzi wao bila ya kushiriki ibada zao.

Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 imeitaka kila kaunti iwe na mpango wa matumizi ya ardhi yake wa miaka kumi, na wananchi washirikishwe. Ramani ya mpango ndipo mahali pa kuziandika shoroba kabla hazijauzwa viwanja. Tulihudhuria baraza moja la namna hiyo. Ramani ilikuwa nzuri, kijani kikienda kwa kijani. Mama waliokuwapo walikuwa wachache, wamekaa nyuma kabisa, na maandishi yote yalikuwa ya Kiingereza. Mama mmoja alisimama akauliza ile njia wanayopita kwenda kisimani na kuokota kuni iko wapi katika karatasi ile. Ilitafutwa, haikuonekana. Ilikuwa imo ndani ya kijani.

Swali lake lilitukumbusha tuliyosoma madrasa. Mafakihi wetu waliandika mlango mzima juu ya harimu: kisima kina harimu yake, mto una harimu yake, eneo pembezoni ambalo mtu hana ruhusa ya kulijenga akawadhuru wengine. Na ilikuwapo hima, malisho yaliyolindwa na dola kwa maslahi ya umma. Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.) alipomweka Hunayy, huru wake, kuisimamia hima, alimwagiza amruhusu kuingia mwenye ngamia wachache na mwenye kondoo wachache, na ajihadhari na mifugo ya Abdurrahman bin Auf na Uthman bin Affan. Hakuwadharau masahaba hao watukufu. Alisema kwamba wao mifugo yao ikiangamia wana mitende na mashamba ya kurejea. Lakini maskini mifugo yake ikifa atakuja na watoto wake mlangoni kwa Khalifa, na kumpa maji na majani ni wepesi kuliko kumpa dhahabu na fedha. Basi hicho ndicho kipimo chetu kwa ramani yoyote: nani aingia na nani azuiwa. Kijani kinachomfungia mwokota kuni kikamfungulia mwenye hoteli, hiyo si hima.

Wala si ndoto. Gazi na Makongeni, katika mradi wa Mikoko Pamoja, wanavijiji wanalinda hekta 117 za mikoko. Tangu mwaka 2013 walio ng'ambo hulipa ili mikoko ile iendelee kusimama na kufyonza hewa chafu, na mapato huenda katika maji na shule za vijiji hivyo. Karibu yake kina mama wa Gazi wana daraja lao la mbao lipitalo katikati ya mikoko. Mgeni hulipa apite, kisha hula chakula walichokipika wao.

Baada ya baraza lile tuliwaomba maofisa mambo mawili: ramani iandikwe kwa Kiswahili, na kikao kijacho kifanywe baada ya Alasiri, katika madrasa ya kijiji, kwani saa nne asubuhi mama yu kisimani au yu mekoni. Tulijibiwa kwamba litazingatiwa. Twasubiri.