Wageni wa Krismasi wanakuja, karo la choo limeandaliwa?

Wiki ya kwanza ya Januari mama mmoja aliingia kliniki amembeba mtoto wa mwaka mmoja na nusu. Macho ya mtoto yalikuwa yamezama, midomo imekauka, na alikuwa halii tena, ananung'unika tu. Walikuwa wamerudi Dar es Salaam jana yake kutoka Rombo, kwa wakwe. Kuharisha kulianza siku moja kabla ya safari na kukaendelea njia nzima ndani ya basi. Mama alidhani ni meno.

Nilimuuliza maswali ya kawaida: mmekunywa maji gani, mmekula nini, nani mwingine anaumwa. Binamu wawili nao walikuwa wanaharisha. Nikauliza kuhusu choo. Akainamisha kichwa.

"Daktari, choo kilikataa siku ya pili ya Krismasi. Tulikuwa watu kumi na saba. Maji yakawa yanatoka kwenye mfuniko pale uani, na watoto ndipo walipokuwa wanacheza."

Mtoto alipata nafuu, tunashukuru. Lakini kisa chake si kigeni. Desemba tunapaka rangi nyumba, tunanunua mchele, mbuzi na soda, tunaazima magodoro kwa majirani. Karo la maji taka hakuna anayelikumbuka mpaka liseme lenyewe.

Karo linafanyaje kazi?

Maji ya chooni yakiingia kwenye karo hutulia. Kinyesi na uchafu mzito huzama chini na kuwa tope, mafuta huelea juu kama utando. Katikati hubaki maji yaliyopungua uchafu, na hayo ndiyo yanayotoka kwenda kwenye shimo la pili, ambako ardhi huyanyonya. Bakteria wasiohitaji hewa huendelea kulila lile tope taratibu. Kazi yote hiyo inahitaji muda na utulivu.

Tuchukue karo la lita 3,000 ambalo theluthi moja imeshajaa tope na utando. Nafasi ya maji ni lita 2,000. Familia ya watu watano, kila mmoja akitumia lita 80 kwa siku, huingiza lita 400, kwa hiyo maji hukaa humo kama siku tano. Wakifika wageni kumi, watu kumi na tano huingiza lita 1,200. Sasa maji hayakai hata siku mbili. Tope halipati nafasi ya kuzama. Linasukumwa kwenye shimo la kunyonyea, linaziba vinyweleo vya udongo, na maji yakikosa pa kwenda yanarudi juu. Ukiongeza mvua za vuli, ambapo udongo umeshalowa, tatizo linakuja haraka zaidi.

Nyumba nyingi za vijijini hukaliwa na bibi na babu peke yao miezi kumi na moja. Karo linalowatosha wawili haliwezi kuzoea ukoo mzima kwa usiku mmoja.

Kwa nini daktari anahangaika na karo?

Maji yanayofurika yamebeba vijidudu vya kila aliyetumia choo kile. Ndani yake mnaweza kuwa na kipindupindu, homa ya matumbo, kuhara damu, homa ya ini aina ya A na mayai ya minyoo, ambayo hudumu kwenye udongo muda mrefu baada ya uwanja kukauka. Kule mlimani maji hayo huingia kwenye mfereji, na mfereji unakwenda kwa jirani wa chini. Uswahilini Dar es Salaam huingia kisimani au kwenye bomba lililopasuka.

Mwaka 1854 kipindupindu kiliua mamia ya watu katika eneo la Broad Street, London. Daktari John Snow alionyesha kuwa maradhi yalitoka kwenye pampu moja ya maji. Baadaye ikajulikana kwamba mama mmoja alikuwa amemwaga maji ya kufulia nepi za mtoto wake mgonjwa kwenye shimo la maji taka lililokuwa chini ya mita moja kutoka kwenye kisima hicho, na kuta zake zilikuwa zimebomoka. Mtoto mmoja, shimo moja bovu. Ndiyo maana tunashauri kisima kiwe angalau mita 30 kutoka kwenye choo au karo, na kiwe upande wa juu.

Kabla wageni hawajafika

Kumbuka karo lilinyonywa lini mara ya mwisho. Kama hakuna anayekumbuka, au imepita miaka mitatu hadi mitano, ita gari la kunyonya maji taka wiki mbili tatu kabla ya sikukuu. Usingoje tarehe 24, utalikosa au utalipa bei ya shida. Dalili za karo lililochoka ni maji kuzama polepole chooni, sauti ya mabwabwa kwenye mabomba, harufu uani, na majani yanayostawi kupita kiasi juu ya shimo. Usikubali watu wa kutapisha usiku na kumwaga kwenye mfereji mvua ikinyesha. Uchafu huo utaunywa wewe au mtoto wa jirani.

Kagua mifuniko. Uliopasuka ubadilishwe sasa. Mtoto mgeni haujui uwanja wenu, na mfuniko mbovu ukifunikwa na bati au ubao ni mtego. Weka alama, na mwonyeshe kila dereva mahali pa kuegesha. Gari juu ya karo huvunja zege.

Maji ya mvua ya paa yaelekezwe mbali na karo. Rekebisha tanki la choo linalovuja, maana linajaza karo usiku na mchana bila mtu kulitumia. Na kama bado kuna choo cha shimo huko nyuma ya migomba, kisafishe, weka mlango, taa na kibuyu chirizi chenye sabuni. Vijana na wanaume wakikitumia hicho, choo cha ndani kinapumua.

Wageni wakiwapo

Wageni waambiwe bila aibu. Shangazi mwenye kauli nzuri anaweza kuisema salamu zikiisha: chooni tunatupa kinyesi, mkojo na karatasi za chooni tu. Pampasi, taulo za kike, pamba, kondomu na vile vitambaa vyenye unyevu vya kufutia watoto viende kwenye ndoo yenye mfuniko, na ndoo imwagwe kila siku. Kinyesi kilicho kwenye pampasi kikung'utwe chooni kwanza. Kinyesi cha mtoto kina vijidudu kama cha mtu mzima.

Jikoni, mafuta ya kukaangia na ya nyama yasimwagwe kwenye sinki. Yakipoa huganda na kuziba bomba. Futa sufuria kwa karatasi kabla ya kuosha. Nguo zifuliwe kidogo kidogo kwa siku mbalimbali, na maji ya kufulia yasielekezwe yote kwenye karo siku moja. Wanaooga watumie ndoo badala ya kuacha bomba likimwagika. Jiki ya kusafishia choo inatosha kidogo. Ukimimina galoni nzima unawaua bakteria wanaokufanyia kazi. Hamira na dawa za kumwaga ili "kula kinyesi" haziondoi haja ya kunyonya karo.

Mtu asiingie shimoni

Hili nawaomba mlisome mara mbili. Ndani ya karo kuna gesi, nyingine inawaka na nyingine inaua, na hewa ya oksijeni ni haba. Gesi yenye harufu ya yai bovu ikizidi huua uwezo wa pua kuinusa, kwa hiyo kutosikia harufu si usalama. Mtu anaweza kuzimia ndani ya pumzi chache. Anayefuata kumwokoa naye anaanguka, na wa tatu pia. Hivyo ndivyo ndugu wawili watatu wanavyokufa kwenye shimo moja.

Mtu asiingie, hata kama ni simu imedondoka, hata kama fundi anasema amezoea. Usiwashe kiberiti wala sigara kuchungulia. Mtu akianguka, piga kelele, piga 114 kwa Zimamoto na Uokoaji, na usishuke.

Likifurika

Acheni kuvuta maji chooni na kufua. Ondoeni watoto na mifugo uani, zungushieni kamba. Iteni gari la kunyonya. Anayesafisha avae buti na glavu, aondoe uchafu kwanza, kisha amwagie jiki: kipimo kimoja cha jiki ya asilimia 3.5 kwa vipimo sita vya maji, na aiache dakika kumi au zaidi. Jiki isichanganywe na dawa nyingine ya choo, hutoa hewa ya sumu. Maji ya kunywa yachemshwe yote, hata ya bomba.

Mtoto akianza kuharisha

Usingoje urudi mjini. Changanya pakiti moja ya ORS kwenye lita moja ya maji safi. Aliye chini ya miaka miwili apewe mililita 50 hadi 100 kila anapoharisha, mkubwa zaidi mililita 100 hadi 200, kwa kijiko au kikombe, taratibu. Akitapika, subiri dakika kumi uanze tena. Ziwa la mama na chakula viendelee. Vidonge vya zinki vitolewe kwa siku 10 hadi 14: miligramu 20 kwa siku, au 10 kwa aliye chini ya miezi sita. Usimpe dawa ya kufunga tumbo.

Mkimbize kituo cha afya kama macho yamezama, hawezi kunywa, anatapika kila kitu, amelegea, hakojoi, kuna damu, au choo ni kama maji ya mchele. Kipindupindu kinaweza kumaliza maji ya mwili kwa saa chache. Kabla ya safari, angalia kwenye kadi ya kliniki kama mtoto amekamilisha chanjo ya rota, inayotolewa nchini tangu 2013.

Yule mama wa Rombo alirudi baada ya wiki moja, mtoto anatembea na kuvuta stethoskopu yangu. Nikamuuliza choo cha kwa wakwe kimefikia wapi. "Baba mkwe ameita gari," akasema, "na mwaka huu ndugu wote tumekubaliana kuchanga." Wanachanga ya mbuzi kila mwaka. Ya karo ingekaa kwenye daftari lile lile.