Mwangaza na Njia ya Umeme

Maji ya Ruzizi yanazungusha mitambo ya Ruzizi II, ambayo tangu mwaka 1989 ni ya ushirika wa inchi tatu: Kongo, Rwanda na Burundi. Lakini umeme wa pale haufiki wote katika nyumba. Nyaya zenyewe zinauzuia kidogo, na sehemu yake inapotea kwa joto. Je, kizuizi hicho chaweza kuondoka?

Chaweza. Mwaka 1911, kule Leiden katika Uholanzi, Heike Kamerlingh Onnes alipoza zebaki hata digri 269 chini ya sifuri. Mara kizuizi kikaisha kabisa. Sababu ilielezwa mwaka 1957 na Bardeen, Cooper na Schrieffer: katika baridi ile elektroni zinashikana mbili mbili na kupita bila kuzuiwa.

Sasa tuangalie kazi ya mwangaza. Mwaka 1873 Mwingereza Willoughby Smith alitangaza ya kwamba seleniamu ikiangaziwa inapitisha umeme vizuri zaidi. Lakini katika utando mwembamba wa niobiamu na nitrojeni, uliopozwa sana, mambo ni kinyume. Punje moja ya mwangaza ikianguka juu yake inaachanisha elektroni zilizoshikana. Mahali pale panapata joto, na kizuizi kinarudi. Kiisha, kabla hata ya kupepesa jicho, baridi inashinda na njia inafunguka tena. Basi kila punje inaacha alama yake katika umeme, na mafundi wanazihesabu moja moja. Gregory Gol'tsman na wenzake walionyesha jambo hilo mwaka 2001.

Lakini tusiseme vile juu ya tando zote. Utando wa itriamu, bariamu na shaba, uliopungukiwa oksijeni, ukiangaziwa kwa muda mrefu unapitisha umeme zaidi, na hali hiyo inadumu hata taa ikizimwa.

Niobiamu imo pia katika koltani ya Kivu. Zamani iliitwa kolombiamu, na ndipo ilipotoka sehemu ya kwanza ya jina la jiwe hilo. Wanunuzi wanatafuta zaidi tantali iliyomo, na niobiamu nyingi ya dunia inatoka Brazili. Hata hivyo, kijana wa machimbo akimwuliza katekista jiwe lake lafaa nini, asijibiwe "simu" tu. Anayejua kazi ya kitu hadanganywi upesi juu ya bei yake.