Kwa nini saa pekee haitoshi kumpima mwanatriathloni wa Rubavu?

Mji wa Rubavu, kando ya Ziwa Kivu nchini Rwanda, uliandaa mashindano ya triathloni ya Ironman 70.3 kwa mara ya kwanza mwezi Agosti mwaka 2022. Washindani huogelea kilomita 1.9, huendesha baiskeli kilomita 90, kisha hukimbia kilomita 21.1.

Umbali huo ni uleule kokote yanakofanyika, lakini muda wa kumaliza hutegemea sana njia yenyewe.

Huko Roth, Ujerumani, ambako umbali ni maradufu, kuogelea hufanyika katika mfereji wenye maji matulivu. Hapo ndipo Magnus Ditlev wa Denmark alipomaliza kwa saa 7, dakika 23 na sekunde 24 mwaka 2024.

Ziwa Kivu liko takriban mita 1,460 juu ya usawa wa bahari. Katika mwinuko huo, hewa nyepesi humpunguzia mwendesha baiskeli ukinzani, lakini pia huupunguzia mwili oksijeni. Maji yasiyo na chumvi nayo hayamwelei mwogeleaji kama ya bahari.

Kisha kuna vilima. Dakika zinazopotea katika kupanda hazirudi zote wakati wa kushuka, kwa kuwa kasi huongeza ukinzani wa hewa na kona hulazimisha breki.

Anayeng'ang'ania kasi aliyoizoea katika tambarare huimaliza nguvu yake kabla ya kuanza kukimbia. Ndiyo maana nafasi aliyoshika mshindani hueleza uwezo wake vyema kuliko saa.