Mwamuzi wa Mbwa wa Uwindaji Hutazama Nini?

Mtu wa Karatu aendaye mnadani kununua maksai wa kulimia hatazami rangi peke yake. Hupapasa mgongo, hufungua kinywa akatazama meno, humtembeza mnyama aone kama achechemea, ndipo aulize bei. Kazi ya mwamuzi katika maonyesho ya mbwa yafanana sana na hiyo. Tofauti ni kwamba mwamuzi haulizi bei. Yeye hutoa hukumu mbele ya watu, na hukumu yake huamua ni mbwa gani watakaozaa watoto wengi, na hivyo huamua mbwa wa miaka ijayo watakuwaje. Katika mazungumzo haya nitaeleza jinsi mbwa wa uwindaji wenye nasaba wanavyohukumiwa, kisha tutatazama hekima hiyo yatufaa nini sisi tukaao kandokando ya Ngorongoro.

Kwanza yafaa tujue maana ya mbwa mwenye nasaba. Ni mbwa ambaye baba yake, mama yake na mababu zake wameandikwa katika kitabu, kizazi baada ya kizazi, na wote ni wa aina moja. Miongoni mwao wako waliozalishwa ili wamsaidie mtu awindaye ndege kwa bunduki. Kazi yao yagawanyika mafungu matatu. Fungu la kwanza ni pointa na seta. Hawa hutangulia mbele wakinusa upepo, na wapatapo harufu ya kwale au kanga majanini husimama kimya kabisa, pua imeelekea mahali ndege alipojificha, mpaka mwindaji afike. Fungu la pili ni spanieli, ambao huingia vichakani na kuwafurusha ndege ili waruke. Fungu la tatu ni ritriva. Hawa hukaa karibu na bwana wao mpaka bunduki ilie, kisha huenda kumtafuta ndege aliyeanguka, hata majini, wakamleta mkononi bila kumtafuna.

Onyesho la mbwa linalohesabiwa kuwa la kwanza la namna yake lilifanyika katika mji wa Newcastle, Uingereza, mwezi wa Juni mwaka 1859. Walioonyeshwa walikuwa pointa na seta tu, na zawadi zilikuwa bunduki. Lakini liko jambo moja la siku hiyo lisilofaa kusahauliwa. Mwamuzi mmoja wa seta alikuwa ameleta pointa wake, na mwamuzi mmoja wa pointa alikuwa ameleta seta wake. Hukumu zilipotolewa, pointa wa yule wa kwanza alishinda, na seta wa yule wa pili naye akashinda. Huenda mbwa hao walikuwa wema kweli, lakini ni nani awezaye kuwaambia hivyo walioshindwa, nao wakasadiki? Mwamuzi aliye na mali yake uwanjani, hata akihukumu kwa haki, hukumu yake haina nguvu. Mwaka 1873 chama cha Kennel Club kilianzishwa London, kikaweka kitabu cha nasaba na kanuni za maonyesho.

Msingi wa hukumu ni maandishi yanayoeleza mbwa kamili wa aina fulani: kimo chake, kichwa chake, manyoya yake, mwendo wake, na tabia yake. Tukiite kipimo. Watu wengi hudhani kwamba mwamuzi hulinganisha mbwa na mbwa. Kwa kweli humlinganisha kila mbwa na kipimo hicho, kisha humpa nafasi ya kwanza yule aliyekikaribia zaidi. Kwa hiyo mwamuzi asiyejua kipimo kwa moyo ni kama mfanya biashara aliyeacha mizani nyumbani.

Mbwa wa kundi moja huingia uwanjani pamoja, wakazungushwa mara moja ili mwamuzi awaone wote. Kisha kila mmoja husimamishwa peke yake. Mwamuzi huja mbele, humwacha mbwa amnuse, halafu huanza kutumia mikono, kwa maana manyoya mengi huweza kuficha mwili mbaya. Hufunua midomo aone meno. Mbwa mzima ana meno 42, na ya mbele ya juu yafaa yapite kidogo juu ya yale ya chini, kama makali ya mkasi. Hushika bega, kwa sababu bega lililolala nyuma vizuri humwezesha mbwa kupiga hatua ndefu bila kuchoka upesi. Hupima kina cha kifua, ambacho ni nyumba ya moyo na mapafu. Hupapasa kiuno na mapaja, yatoayo nguvu za kusukuma mwili mbele. Huinua mguu atazame nyayo, maana nyayo zilizofumbatana hustahimili mawe na miiba kuliko zilizotawanyika. Mwisho humwambia mwenye mbwa ampeleke mbio za polepole, aende na kurudi, ili aone kama miguu yaenda sawasawa au yagongana.

Twaona basi kwamba kila alama ina kazi yake. Tuchukue mfano wa ritriva wa Labrador, aina iliyotambuliwa na Kennel Club mwaka 1903. Kipimo chataka awe na manyoya ya tabaka mbili, kwa sababu lile la ndani huzuia baridi ya maji. Chataka awe na mkia mnene shinani kama wa fisi maji, nao ni usukani wake aogeleapo. Chataka awe na taya zenye nguvu za kuchukua ndege mzito, wala zisiwe za ukali wa kumponda. Mwamuzi mwenye akili, atazamapo kila kiungo, hujiuliza moyoni: hiki ni cha kazi gani?

Lakini uwanja wa maonyesho hauwezi kusema yote. Hakuna mkono uwezao kupapasa pua ukajua kama yanusa vema. Hakuna jicho liwezalo kuona, juu ya majani yaliyofyekwa, kama mbwa huyu atatii mlio wa bunduki ama atakimbia. Wahenga walisema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Ndiyo sababu mwaka 1865 watu waliwapeleka pointa na seta mashambani, mahali paitwapo Southill, Uingereza, wakawashindanisha kwa kazi yenyewe ya kutafuta ndege. Tangu mwaka 1958, kwa kanuni za Kennel Club, mbwa wa fungu hili aliyeshinda maonyesho tu huitwa bingwa wa maonyesho. Ili aitwe bingwa pasipo nyongeza ya neno, hana budi kuonyesha pia kwamba aijua kazi. Hata hivyo, katika aina nyingi koo zimekwisha kutengana: wako mbwa wa uwanjani na wako mbwa wa kazi, na jina lao ni moja.

Tena iko hatari kubwa kuliko hiyo. Mwamuzi akimpa tuzo mbwa mwenye masikio marefu, mzalishaji atatafuta masikio marefu zaidi mwaka ujao, na mwamuzi mwingine ataona kwamba ndivyo inavyotakiwa. Hakuna hata mmoja aliyekusudia ubaya, lakini baada ya vizazi kadhaa mnyama ataabika. Katika mwaka 2012, kwenye maonyesho makubwa ya Crufts huko Birmingham, waganga wa mifugo waliwekwa kuwachunguza washindi wa aina 15 kabla hawajaendelea mbele. Mmoja wa waliokataliwa alikuwa mbwa wa uwindaji, spanieli wa Clumber, kwa sababu ya macho. Nayo ni aina yenye tabia ya kope kulegea. Mwamuzi alikuwa amekwisha kumpa nafasi ya kwanza, mganga akasema asiendelee. Watu wengi walikasirika, lakini neno lililosemwa siku ile ni la kweli: afya hutangulia uzuri.

Msidhani kwamba mbwa wa nasaba ni jambo la Ulaya tu. Nairobi nako maonyesho ya mbwa yamefanywa kwa miaka mingi na chama cha East Africa Kennel Club. Mwaka 1922, katika mji wa Bulawayo, watu waliandika kipimo cha mbwa wa kuwindia simba, mwenye mstari wa manyoya yaliyogeuka mgongoni, ambaye kwa sehemu ametokana na mbwa wa wenyeji wa kusini mwa Afrika. Basenji naye ametoka kwa wawindaji wa misitu ya Kongo. Mbwa wa namna hiyo walionyeshwa Crufts mwaka 1895, lakini waliugua distempa wakafa. Wengine waliofika baadaye ndio waliostawi, wakaonyeshwa mwaka 1937. Kabla ya hapo hawakuwa na kitabu wala cheti. Wawindaji wao ndio waliokuwa waamuzi, na porini ndiko kulikokuwa uwanja.

Nimetaja distempa kwa kusudi. Ni ugonjwa wa virusi uwashikao mbwa kwa homa, makamasi, kikohozi, kuhara, na mara nyingi kifafa mwishoni. Ugonjwa huo uliwaua mbwa wa Afrika waliopelekwa Ulaya, nao haukukaa mbali na kwetu. Mwaka 1994 simba wa Serengeti walionekana wakitetemeka na kuanguka. Karibu theluthi moja yao walikufa, na wataalamu wakaona kwamba virusi vile vilikuwa vya namna moja na vya mbwa wa vijijini. Mwaka 2001 distempa iliwapata simba wa bonde la Ngorongoro, ambao ni wachache na hukaa peke yao kama watu wa kisiwa kimoja. Uchunguzi wa baadaye umeonyesha kwamba wanyama wengine wa porini nao huweza kuambukizana, wala si haki kumtwika mbwa wa kijijini mzigo wote. Lakini yeye ndiye tuwezaye kumshika na kumchanja, fisi hatumwezi.

Basi tuje nyumbani. Ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro uwindaji hauruhusiwi, na mbwa wa Karatu wengi hawana kazi ya ndege. Kazi yao ni kulinda boma usiku fisi na chui wasiingie, kufuatana na mchungaji, na kufukuza nyani katika mahindi. Katika bonde la Ziwa Eyasi wako Wahadzabe waendao porini na mbwa wao, upinde mkononi. Mbwa hawa wote hawana nasaba iliyoandikwa, lakini wenye mbwa ni waamuzi kila siku, kwa kuwa wao ndio wachaguao mtoto yupi wa kufuga.

Tukichukua sheria ya mwamuzi mwema, tutauliza kila jambo kwa kazi yake. Mtoto wa mbwa wa kulinda boma asiwe mwoga wa kujificha, wala mkali wa kuuma kila ajaye. Atazame mgeni, abweke, kisha amsikilize bwana wake. Kifua chake kiwe na kina, miguu imenyoka, nyayo zimefumbatana, macho hayatoi machozi, ngozi haina upele. Tazama mama yake ikiwezekana, kwa maana tabia ya mama ni sehemu ya cheti cha mtoto. Wala usimchague kwa sababu ana doa zuri usoni.

Tena, kama yule mganga wa Birmingham, tutangulize afya. Mbwa hodari asiyechanjwa hastahili nafasi ya kwanza katika kijiji chochote, maana hatari yake haiishii kwake. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa mtu, karibu daima huua, na karibu watu wote wafao kwa ugonjwa huo duniani wameumwa na mbwa. Shirika la Afya Duniani lasema kwamba mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kuendelea. Kwa hiyo bwana mifugo atangazapo siku ya chanjo, wapelekeni mbwa wote, hata watoto wao, nanyi muulize kama ni chanjo ya kichaa peke yake au pamoja na ya distempa, kwa sababu moja haifanyi kazi ya nyingine. Na mtu akiumwa na mbwa, aoshe jeraha mara moja kwa sabuni na maji mengi kwa muda wa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo, asingoje kuona kama mbwa atakufa.

Siku ya chanjo watoto huja na mbwa wao wamewafunga kamba, wengine weusi, wengine wa madoa, wengine wamekonda, wakapanga safu chini ya mti. Hakuna zawadi ya bunduki hapo. Lakini mtazameni kila mbwa apitapo kama mwamuzi atazamavyo: mwendo wake, macho yake, mbavu zake. Yule aliyelishwa, asiyeogopa mkono wa bwana wake, aendaye kwa miguu iliyonyoka na kurudi na cheti cha chanjo, huyo amekikaribia kipimo.