Siku 45 za Kwanza: Muda wa Ukomo katika Malalamiko ya Ubaguzi ya Watumishi wa Serikali Kuu ya Marekani

Mtumishi wa serikali kuu ya Marekani anayedai kubaguliwa kazini kwa sababu ya rangi, jinsia, dini, nchi ya asili, umri au ulemavu kwa kawaida haanzii mahakamani. Hulalamika kwanza ndani ya taasisi inayomwajiri, hukata rufaa kwa Tume ya Usawa wa Fursa za Ajira, na mlango wa mahakama humfungukia baadaye. Msingi wa utaratibu huu uliwekwa mwaka 1972, Bunge la Marekani lilipowaingiza watumishi hao chini ya kinga ya Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964. Kila hatua ina muda wake wa ukomo, na lalamiko lililochelewa bila sababu inayokubalika hutupwa hata kabla ya kuulizwa kama ubaguzi ulitokea.

Hatua ya kwanza ndiyo inayowaponza wengi. Mtumishi anatakiwa kumfikia mshauri wa usawa wa fursa katika taasisi yake ndani ya siku 45 tangu siku ya tukio. Kama ni hatua ya kiutumishi, mfano kufukuzwa au kushushwa cheo, siku zinahesabiwa tangu hatua hiyo ilipoanza kutekelezwa. Mfanyakazi wa kampuni binafsi ana siku 180, na mahali pengi siku 300. Kwa hiyo aliyewahi kufanya kazi kwenye sekta binafsi akahamia Posta au hospitali ya maveterani, akadhihakiwa kwa lafudhi yake, anaweza kudhani ana miezi kadhaa mbele yake wakati hana hata miwili.

Hesabu haingoji ushahidi ukamilike. Tume hutazama ni lini mtumishi alipata sababu ya msingi ya kushuku kwamba amebaguliwa. Kuanzia hapo siku zinakwenda. Kuzungumza na msimamizi, kumwandikia mkuu wa idara au kupeleka shauri kwa chama cha wafanyakazi hakusimamishi siku hizo. Anayesubiri kwa nia njema kwamba wakubwa watalimaliza jambo ndani kwa ndani huweza kupoteza haki yake kwa uvumilivu wake mwenyewe.

Siku ya kuanzia hutegemea aina ya tendo. Katika shauri la Morgan la mwaka 2002, Mahakama Kuu ya Marekani ilitenganisha matendo yanayosimama peke yake, kama kunyimwa cheo, na mazingira ya unyanyasaji yanayojengeka kidogo kidogo. Kila tendo la kundi la kwanza lina hesabu yake. Kwa kundi la pili, inatosha tendo mojawapo liangukie ndani ya muda, na yaliyotangulia yatazingatiwa pamoja nalo. Kuhusu mishahara, sheria ya mwaka 2009 iliyopewa jina la Lilly Ledbetter inahesabu kila malipo yanayotokana na uamuzi wa kibaguzi kuwa tukio jipya. Na kwa aliyelazimika kuacha kazi kwa sababu hali imekuwa haivumiliki, shauri la Green la mwaka 2016, lililomhusu msimamizi wa ofisi ya posta, liliamua kwamba siku 45 zinaanza siku anapotoa taarifa ya kujiuzulu.

Mshauri ana siku 30 za kutafuta suluhu. Muda huo unaweza kufika siku 90 pande zote zikikubaliana au mtumishi akichagua upatanishi. Suluhu isipopatikana, mtumishi hupewa notisi, na tangu siku anapoipokea ana siku 15 tu za kuwasilisha lalamiko rasmi. Taasisi nayo ina siku 180 za kuchunguza. Baada ya kupokea jalada la uchunguzi, mlalamikaji ana siku 30 za kuchagua: kusikilizwa na hakimu wa kiutawala wa Tume, au kuiachia taasisi itoe uamuzi bila usikilizwaji. Hakimu akishatoa uamuzi, taasisi ina siku 40 za kutoa amri ya mwisho.

Hapo ndipo rufaa yenyewe inapoanza. Mlalamikaji ana siku 30 tangu kupokea amri au uamuzi wa mwisho, au barua ya kutupilia mbali lalamiko, za kukata rufaa kwa Tume. Hoja za maandishi huwasilishwa ndani ya siku 30 tangu rufaa ilipokatwa, na upande wa pili una siku 30 za kujibu tangu uzipokee. Rufaa ya kurasa chache iliyofika kwa wakati hubaki hai. Iliyosheheni hoja lakini ikachelewa hutupwa. Uamuzi wa Tume ukitoka, kuna siku 30 za kuomba uangaliwe upya.

Anayekwenda mahakamani ana siku 90 tangu kupokea uamuzi wa mwisho wa taasisi, au wa Tume ikiwa alikata rufaa. Serikali ikikaa kimya, hafungwi milele: siku 180 zikipita tangu alipowasilisha lalamiko au rufaa bila uamuzi wa mwisho, anaweza kufungua kesi.

Mashauri mchanganyiko yana mtego wake. Haya ni yale ambapo mtumishi anadai kwamba ubaguzi umo ndani ya hatua nzito, kama kufukuzwa au kusimamishwa kazi kwa zaidi ya siku 14, hatua ambayo anaweza kuikatia rufaa kwa Bodi ya Kulinda Mfumo wa Ajira kwa Ustahili. Rufaa kwa Bodi ina siku 30. Uamuzi wa Bodi ukishakuwa wa mwisho, muda wa kwenda mahakamani ni siku 30, wala si 90, na aliyezoea hesabu ya mashauri ya kawaida hukuta mlango umeshafungwa.

Siku zote hizi ni za kalenda. Siku ya tukio au ya kupokea barua haihesabiwi. Hesabu huanza kesho yake. Siku ya mwisho ikiangukia Jumamosi, Jumapili au sikukuu ya serikali kuu, muda husogea hadi siku ya kazi inayofuata. Kwa hati iliyotumwa kwa posta, tarehe ya muhuri ndiyo inayotazamwa. Mlalamikaji akiwakilishwa na wakili, muda huanza wakili anapopokea uamuzi.

Kuchelewa kunaweza kusamehewa. Kanuni zinaruhusu siku 45 ziongezwe kwa mtumishi ambaye hakuarifiwa kuhusu muda huo na wala hakuujua kwa njia nyingine, ambaye hakujua tukio wala hakutarajiwa kulijua, au aliyezuiwa na mambo yaliyo nje ya uwezo wake licha ya kufanya bidii. Hata hivyo mpaka ni mwembamba. Katika shauri la Irwin la mwaka 1990, barua ya Tume ilifika ofisini kwa wakili aliyekuwa nje ya nchi. Mahakama Kuu ilikubali kwamba muda unaweza kurefushwa hata dhidi ya serikali, lakini ikahesabu siku tangu barua ilipofika ofisini humo na kukataa kusamehe uzembe wa kawaida. Anayeomba kuongezewa muda ndiye anayebeba mzigo wa kueleza kwa nini alichelewa, na bahasha yenye muhuri, barua pepe yenye tarehe au cheti cha hospitali ndivyo vinavyomsemea.